Waya wa komponenti kwenye PS2: uzoefu wangu baada ya kuachana na pini ya njano

PS2 yangu (PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony) ni ile nyembamba, ya toleo lililoanza kutoka 2004, na kwa miaka mingi ilikaa kwenye TV ya chogo bila mtu kulalamika. TV ikafa, ikaja bapa ya inchi 43, na hapo picha ikawa aibu. Soka lilelile, mashine ileile, lakini ukichagua timu yenye jezi nyekundu rangi inavuja hadi kwenye nyasi, majina ya wachezaji hayasomeki, na kwenye kingo za kila umbo kuna vidoti vinavyotambaa. Vijana wa nyumbani wakasema gemu ya zamani ndivyo ilivyo. Nikawabishia, kwa sababu nilishawahi kuiona PS2 kwa fundi mmoja ikiwa safi kabisa kwenye TV bapa kama yangu.

Siri ni waya. Ule unaokuja kwenye boksi, wenye pini ya njano, nyeupe na nyekundu, unapitisha picha yote kwenye uzi mmoja, ule wa njano. Mwangaza na rangi vinachanganywa humo, halafu TV inaachiwa kazi ya kuvitenganisha upande wa pili. Haiwezi kuvitenganisha sawasawa, ndiyo maana nyekundu inavuja. TV ya chogo yenye kioo kidogo ilificha uchafu huo. Bapa inaukuza.

Waya wa komponenti una pini tano. Kijani, buluu na nyekundu ni za picha. Nyeupe na nyekundu ya pili ni za sauti. Kijani hubeba mwangaza, buluu na nyekundu hubeba rangi, kila kitu kwenye njia yake. Kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaisemi: kwenye waya wa njano, diski ya Japani au Marekani ikiwekwa kwenye TV ya zamani inayosoma PAL tu (mfumo wa rangi wa TV za huku, tofauti na NTSC ya Japani na Marekani), inaweza kutoka nyeusi na nyeupe. Kwenye komponenti suala la PAL na NTSC upande wa rangi halipo tena, ilimradi TV ikubali picha ya 60 Hz (inayojirudia mara 60 kwa sekunde), na hizi za sasa karibu zote zinakubali.

Niliununua Kariakoo. Duka la kwanza nililoingia kijana akanipa waya wa kawaida wa njano wenye karatasi iliyoandikwa HD: "Bosi, huu ndio wenyewe." Kama huna uhakika, geuza kichwa kinachochomekwa kwenye PS2 na uchungulie ndani. Tundu la PS2 lina nafasi ya miguu 12. Waya wa njano wa bei rahisi mara nyingi una miguu michache tu, nafasi nyingine tupu. Wa komponenti unakuwa umejazwa zaidi. Shika na uzi wenyewe. Ukiwa mwembamba kama wa chaja ya simu, uache, kwa sababu nyuzi za picha zisipokingwa kila mmoja peke yake zinaingiliana na utaona vivuli na mistari hafifu kwenye sehemu za giza. Niliouchukua ni mnene, mgumu kidogo kukunja, na bei yake ilikuwa chini ya pedi moja mpya.

Kabla ya kuuchomeka, ukiwa bado na waya wa zamani, washa PS2 bila diski, ingia System Configuration, tafuta Component Video Out na uweke Y Cb/Pb Cr/Pr. Kama mashine iko kwenye RGB (njia nyingine ya kutuma rangi), ukichomeka komponenti bila kubadilisha, rangi zinatoka za ajabu, mtu anarudi dukani kugomba. Upande wa TV nako kuna mtego. Bapa nyingi zenye komponenti zina tundu la kijani linalotumika pia kwa pini ya njano. Ukiona picha kali lakini haina rangi, TV inadhani umechomeka waya wa njano. Badilisha chanzo uchague Component.

Matokeo? Majina ya wachezaji yanasomeka nikiwa nimeketi kwenye kochi. Jezi nyekundu imebaki mwilini. Vile vidoti vimekwisha. Usitegemee ifanane na PS4, maana pembe za maumbo bado zina ngazi ngazi na gemu nyingi za PS2 hutoa picha ya mistari ya kupokezana (nusu ya mistari kwanza, nusu nyingine inafuata), ambayo TV ndiyo inayoiunganisha. Kuna gemu zenye chaguo la 480p (mistari 480 yote kwa pamoja) kwenye mipangilio yake, God of War ikiwemo kwenye diski ya Marekani, na hizo zinatulia zaidi. Hilo chaguo kwa waya wa njano halifanyi kazi kabisa.

Nilijaribu na kile kijiti cha PS2 kwenda HDMI, kinachochomekwa nyuma ya mashine na kuchukua umeme kwenye USB. Kinafaa kwa TV isiyo na matundu ya komponenti, na TV mpya nyingi hazina. Picha iko karibu sana na ya komponenti, kwa sababu ndani yake kinachukua mawimbi yaleyale, na mpangilio ni uleule wa Y Cb/Pb. Hakiongezi ubora wowote. Ila kile kiboksi kidogo cha AV kwenda HDMI, ambacho unakichomekea pini ya njano na juu kimeandikwa 1080p, hicho ni hasara. Rangi imeshachanganywa kabla ya kufika kwenye kiboksi, kwa hiyo unapata uchafu uleule ukiwa umepanuliwa. Nilikirudishia mwenyewe.

Mwenye PS3 naye asome hapa. Mashine ile ina HDMI tangu 2006, lakini kwenye boksi waliweka waya wa njano, na bado kuna mabanda ya gemu yanayoitumia hivyo hadi leo, jambo ambalo silielewi. Ukihamia HDMI na kioo kikabaki cheusi, izime, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka usikie mlio wa pili, itajipanga upya. Kama una TV ya HDMI moja ambayo tayari ina kisimbuzi, waya wa komponenti wa PS2 unaingia PS3 vilevile na utapata HD.

Kuhusu HDMI zenyewe nina machache. Nilibadilishana ule uliokuja na PS4 ya mdogo wangu na mwingine wa gharama wenye ncha za dhahabu, sikuona tofauti hata moja, na sikutegemea kuiona. HDMI ikiwa mbovu picha haififii: inatoa chenga nyeupe, inakatika, au inagoma. Picha ikiwa na ukungu kwenye HDMI, kaangalie mipangilio ya TV. Mwenye PS5 atumie ule wa kwenye boksi, umetengenezwa kubeba 4K ya 120 Hz, na akihitaji mrefu zaidi atafute wenye maandishi ya Ultra High Speed.

Lalamiko langu kwa waya wa komponenti ni moja: kichwa chake kinalegea kwenye PS2, na mashine ikisogezwa kidogo buluu inapotea, uwanja wote unageuka rangi. Nimeubana kwa kufunga uzi kwenye mguu wa meza. Jingine halihusu waya: diski za PS1 zikichezwa kwenye PS2 kwa komponenti, TV yangu inaandika hakuna mawimbi, kwa sababu gemu nyingi za PS1 hutoa 240p (mistari 240 tu) ambayo bapa nyingi haziitambui. Kwa hizo, ule wa njano nimeuweka kwenye droo.