Uzoefu Wangu: Siku Nzima ya Halibuti na Salmoni Kutoka Homer, Alaska

Boti za kukodi za Homer zinafanana sana kwenye picha. Zote zina kibanda chenye joto, rili nzuri na nahodha mwenye ndevu aliyeshika samaki mkubwa. Mimi nazipima kwa jambo moja: zinamtendeaje samaki asiyetakiwa kuingia botini. Kwa kipimo hicho, boti niliyopanda safari hii naipa nyota nne kati ya tano. Jina la kampuni nimeliacha makusudi, kwa sababu vigezo hivi unaweza kuvitumia kwa boti yoyote pale gatini.

Homer iko mwisho wa barabara ya Sterling, kilomita 355 hivi kutoka Anchorage, na boti hutokea kwenye ulimi wa changarawe wenye urefu wa kilomita 7 hivi ulioingia ndani ya ghuba ya Kachemak. Boti yetu ilikuwa ya abiria sita, nahodha mmoja na baharia mmoja. Hiyo ndiyo saizi ninayoipendekeza. Kwenye boti kubwa mishipi hupitana kila maji yanapogeuka, na muda mwingi unaisha mkifumua mafundo.

Kwa asiyemjua, halibuti ni samaki bapa wa sakafuni kama gayogayo wetu, ila huyu hufika zaidi ya kilo 100. Upande wa juu ni kahawia na ndio wenye macho yote mawili, upande wa chini ni mweupe. Wale wakubwa kabisa karibu wote ni majike, na jike huchukua takriban miaka 12 kabla ya kuanza kutaga. Ndiyo maana kanuni za halibuti zinabana vile, na mimi naziunga mkono kwa moyo wote.

Kanuni zenyewe huanzia kwenye Tume ya Kimataifa ya Halibuti wa Pasifiki, iliyoundwa na Marekani na Kanada mwaka 1923. Kila mwaka tume hugawa kiasi cha kuvuliwa kwa maeneo, kisha Marekani huweka masharti ya boti za kukodi. Homer iko eneo la 3A. Mwaka 2023, kwa mfano, abiria wa boti ya kukodi aliruhusiwa halibuti wawili kwa siku: mmoja wa ukubwa wowote, na wa pili asiyezidi inchi 28, yaani sentimita 71. Jumatano zote boti hizi hazikuruhusiwa kabisa kuweka halibuti. Ukivua kwa boti yako binafsi bila mwongozaji, masharti ni mengine na ni mapana zaidi, kwa hiyo usiige alichokwambia jamaa yako mwenye boti. Inchi na siku za kufungwa hubadilika mwaka hadi mwaka. Tangazo la msimu uliopita halina kazi.

Hapo ndipo boti hii ilipoteza nusu nyota yake ya kwanza: ukurasa wao wa kuwekea nafasi ulikuwa bado na kipimo cha mwaka uliotangulia. Nahodha alikirekebisha asubuhi kabla hatujafungua kamba, akatusomea kanuni mpya moja baada ya nyingine. Lakini mtu anayelipa dola 400 na ushei anastahili kujua mapema.

Sasa, tukichukua kipimo kile cha 2023, kuna jambo ambalo abiria wengi hawalielewi mpaka wamechelewa. Ukimweka samaki wa inchi 30 saa ya kwanza, huyo ndiye "mkubwa" wako wa siku. Kilo zake ni tano na ushei tu, na kuanzia hapo kila anayepita inchi 28 lazima arudi, hata akiwa wa kilo 40. Kwa hiyo wale wa inchi 29 hadi 34 warudishe mapema bila kusita, isipokuwa siku imeshaisha na huna kitu. Mdogo wa chini ya inchi 28 mchukue akija tu. Ana kilo 4 hivi, hukupa karibu kilo mbili za mnofu, na nyama yake kwa kweli ni laini na tamu kuliko ya jitu.

Na samaki habadilishwi. Kwa sheria ya Alaska, samaki akishatolewa majini asipoachiwa papo hapo, amehesabiwa, na anahesabiwa kwa mtu aliyemnasa kwanza. Boti moja niliyowahi kupanda zamani ilikuwa na tabia ya kumweka mdogo kwenye pipa la maji "tuone kama atakuja bora zaidi". Huo ni uvunjaji wa sheria, na samaki anayerudishwa baada ya nusu saa pipani ni mfu anayeogelea. Vilevile mtu aliyemaliza hesabu yake hawezi kuendelea kuvua kwa jina la mke wake aliyelala kibandani kwa kichefuchefu. Ukiona baharia anapendekeza hayo, umeshajua uko boti ya namna gani.

Boti hii ilifanya hivi. Pembeni mwa ubavu kulikuwa na mti wenye alama za inchi, na alama ya kikomo imepigwa rangi nyekundu. Samaki akifika juu, baharia aliulaza mti sambamba naye akiwa bado majini. Kipimo ni mstari ulionyooka kuanzia ncha ya taya la chini, mdomo ukiwa umefungwa, mpaka katikati ya mwisho wa mkia. Hakupinda utepe juu ya tumbo, maana tumbo humwongezea samaki inchi nzima, na abiria akamkosa samaki halali. Aliyezidi alitolewa ndoana kwa kifaa chenye mpini mrefu bila kuinuliwa, na kulabu ya kunasia haikushikwa kabla uamuzi haujafanyika. Jike mmoja mpana kama mlango alikuja juu kwenye mshipi wa jirani yangu, ambaye mkubwa wake alikuwa tayari kwenye barafu. Alitulia pale kando, mgongo wake wa kahawia wenye madoa ukipumua taratibu, na midomo minene ikiwa na ndoana pembeni kabisa ya taya. Baharia aliizungusha ndoana mara moja, ikatoka. Yule jike alikunja mkia, akashuka.

Ndoana ndiyo iliyowezesha hilo. Walitumia za duara namba 16/0, na chambo cha heringi mzima au kipande cha pweza, ambaye hadonolewi kirahisi na samaki wadogo. Kosa la kila mgeni ni kuvuta fimbo kwa ghafla anapohisi kugongwa. Ndoana ya duara ikivutwa kwa ghafla hutoka mdomoni tupu. Iache fimbo kwenye kishikio, subiri ipinde na ibaki imepinda, kisha zungusha rili polepole. Ndoana itateleza yenyewe mpaka kwenye pembe ya taya, na samaki hataimeza.

Mshipi ulikuwa wa kusuka, wa nguvu ya ratili 80, na chubwi za kuuzamisha, za kati ya gramu 450 na kilo mbili kulingana na mkondo. Kina kilikuwa mita 40 hadi 70. Chubwi ikigusa chini, inua kama nusu mita, na kila baada ya dakika chache igongeshe tena ili ujue hujapeperuka. Ukiendelea kuachia mshipi bila kugusa chini, mshipi umelegea na kupinda kama tumbo, na unavua maji matupu.

Lakini vifaa vyote hivi havina maana ukichagua siku mbaya ya maji. Hapa waliokulia pwani yetu wana faida, kwa kuwa hesabu ya bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) wanaijua. Tofauti ni ukubwa: Homer, wakati wa bamvua, kupwa na kujaa hutofautiana kwa zaidi ya mita 7. Mkondo wa Cook Inlet, ghuba ndefu ambayo Kachemak ni tawi lake, siku hiyo huikokota chubwi ya kilo mbili kama kishada, na muda wa maji kusimama ni mfupi mno. Halibuti hula vizuri maji yanapokaribia kusimama, kwa hiyo siku ya maji mafu unapata dirisha refu zaidi, na chubwi nyepesi, na mikono isiyouma. Nahodha wetu alitia nanga kabla ya maji kusimama, akaacha harufu ya chambo isambae na mkondo, kisha akakaa palepale mpaka maji yakageuka. Nahodha anayehamahama kila robo saa huwa anakimbia harufu yake mwenyewe.

Kwa upande wa salmoni nina sifa chache zaidi. Tangazo lilisema siku ya "halibuti na salmoni", lakini salmoni walipewa saa mbili za mwisho tu. Walirambaza, yaani boti inatembea taratibu huku ikiburura chambo. Tufe zito la risasi hushushwa kwa waya mpaka kina unachotaka, mshipi wako umebanwa juu ya tufe kwa klipu inayofyatuka samaki akiuma. Mbele ya chambo kuna kibao kinachometameta. Koho na chinuki ni aina mbili za salmoni. Koho walikuwa kwenye mita 10 hadi 20, mwendo wa noti 3 hivi (maili za baharini kwa saa). Chinuki hutaka mwendo wa pole zaidi, noti 2 hivi, na mara nyingi karibu na sakafu. Mdomo wa koho ni mlaini, na mshipi ukilegea hata mara moja ameondoka.

Kuwatofautisha ni lazima, kwa sababu hesabu zao si moja. Fungua mdomo: ufizi mweusi kuzunguka meno ni chinuki, ufizi mweupe ni koho. Kisha tazama mkia: chinuki ana madoa pande zote mbili za mkia, juu na chini, koho ana madoa upande wa juu tu. Fanya hivyo samaki akiwa kwenye wavu majini. Chinuki wa Cook Inlet wamepungua kwa namna inayohuzunisha, na mwaka 2023 na 2024 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Alaska ilifunga au kubana uvuvi wao sehemu kubwa kwa maagizo ya dharura, ambayo yanaweza kutoka katikati ya msimu. Unayesafiri mbali usilipie ndoto ya chinuki. Panga koho, kuanzia mwisho wa Julai hadi Agosti. Uvuvi wa chinuki ukiwa wazi, unahitaji stempu yake, yaani kibali cha ziada juu ya leseni, na pale kikomo cha mwaka kinapotumika unamwandika kwa wino papo hapo, kabla hujamtafutia barafu. Leseni ya asiye mkazi ni dola 15 kwa siku moja na dola 30 kwa siku tatu, na stempu ya chinuki bei hiyohiyo. Kata mtandaoni usiku uliotangulia.

Jambo lililonifurahisha ni kifaa cha kushushia samaki wa miambani. Samaki hao wakivutwa kutoka kina kirefu, hewa huwavimbisha mpaka macho yakatoka, na ukiwatupa tu juu wanaelea hadi wafe. Tangu 2020 kila boti ya uvuvi wa michezo Alaska inatakiwa kuwa na kifaa cha kuwarudisha chini. Boti nyingi zinacho, ila kimefungwa kabatini. Hapa kilikuwa kimeshafungwa kwenye fimbo ya akiba, tayari: taya linambana samaki mdomo, uzito unamshusha, na akifika kina kilichopangwa taya linafunguka. Nadhani hata manahodha wa Watamu kule Kenya, ambao kuwavalisha sulisuli lebo na kuwaachia ni kazi yao ya kila msimu, wangekisifu.

Samaki waliowekwa walikatwa matamvua mara moja, wakavuja damu, kisha wakaingia kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Halibuti anayeachwa apigepige sitahani mwili wake hupanda joto, na nyama hugeuka nyeupe kama chaki, kavu ikipikwa. Barafu ilipungua alasiri, nayo ni robo nyota nyingine. Waliopasuliwa botini, mzoga wa yule mwenye kikomo cha urefu ulibaki mzima, kichwa hadi mkia, mpaka minofu yote iliposhushwa, kama sheria inavyotaka. Kabla ya kushuka, tulitia saini kitabu cha kumbukumbu kwa halibuti tuliowachukua. Soma unachosainia. Idadi ile ni yako, si ya nahodha.

Kufunga minofu kwenye mifuko isiyo na hewa na kuigandisha hulipiwa kwa ratili, pembeni ya nauli ya boti, na bakhshishi ya baharia ya asilimia 15 hadi 20 ndiyo desturi. Halibuti hutoa mnofu nusu ya uzito wake, kwa hiyo sanduku moja la kilo 23, kikomo cha mashirika mengi ya ndege, kwa kawaida linatosha samaki wa mtu mmoja, isipokuwa amepata jitu.

Robo nyota ya mwisho imekatwa kwa zile saa mbili za salmoni. Unapopiga simu, uliza mambo haya: kibali chao cha halibuti cha boti ya kukodi ni cha mwaka huu? Salmoni wanapewa saa ngapi? Kipimo cha samaki wa pili ni inchi ngapi sasa hivi? Anayesitasita kwenye swali la tatu muache. Kisha fungua jedwali la maji, tafuta siku za maji mafu za Agosti zisizoangukia siku ya kufungwa, na uweke nafasi mapema, kwa kuwa wenyeji nao wanazijua siku hizo na boti za abiria sita hujaa haraka.