Nimelipia Go West ya Buster Keaton, wakanikatia mwisho

Jamani naandika hili nikiwa bado na hasira, maana nikilala nitasamehe na hawa watu hawastahili kusamehewa haraka hivyo.

Kuna apu moja ya muvi za zamani, jina naliacha. Nililipia mwezi mzima kwa simu kwa sababu moja tu, walikuwa na Go West, ile ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa muvi za kimya, ya mwaka 1925. Babu yangu yuko kwangu hapa Dar anatibiwa mguu, mzee kachunga ng'ombe Shinyanga tangu hajaota ndevu, na TV yetu inamchosha, anasema humo ndani watu wanagombana tu. Nikaona huyu nimwekee muvi ya kimya, tena ya ng'ombe, lugha haitamsumbua na vile vibao vya maandishi vichache nitamsomea kwa Kiswahili.

Sasa sikilizeni walichofanya. Muvi za enzi zile picha yake ni ya umbo karibu la mraba, wao wakaivuta ijae TV ya kisasa, kwa hiyo juu na chini kumekatwa. Vibao vyote vimekatwa! Nasoma nusu sentensi. Halafu wameikimbiza, watu wanatembea kama sisimizi, na juu yake wameweka ngoma za disko, yaani Keaton anadondoka kutoka kwenye treni huko Arizona, jangwa limetulia, huku masikioni ni dufu dufu dufu.

Kuna sehemu anacheza karata, anamwambia mwenzake unaiba, yule anamtolea bastola na kibao kinasema ukisema hivyo, tabasamu. Keaton huyu ni yule waliyemwita uso wa jiwe, kwenye muvi zake hacheki. Anachofanya anachukua vidole viwili anasukuma pembe za mdomo zipande juu, macho yamebaki vilevile na huzuni yake. Utani wote umekaa kwenye kile kibao, na kibao nimeona neno moja na nusu. Babu ananiuliza, mbona anajishika mdomo, jino linamuuma? Nikakosa la kujibu.

Pamoja na yote hayo muvi ilimshika mzee. Kijana hana ndugu hana rafiki, mpaka jina lake kwenye hadithi ni Asiye na Rafiki, anafika kwenye ranchi hajui kitu, anaweka ndoo chini ya ng'ombe anakaa anasubiri maziwa yashuke yenyewe. Babu alicheka mpaka akashika mguu. Ila alipotokea yule ng'ombe Brown Eyes anachechemea, kijana akainua kwato akatoa jiwe, babu alinyamaza kabisa akasogea karibu na skrini. Anasema kachukua mguu vizuri, hajamtisha. Baadaye fahali anamjia kijana, ng'ombe yule yule anakuja kumwokoa, na tangu hapo hawaachani. Hata ilipofika zamu ya Brown Eyes kupigwa chapa ya moto kijana akaona hapana, akachukua wembe na povu la kunyolea akaichora ile alama kwenye manyoya. Babu anarudia peke yake, amemnyoa, amemnyoa.

Basi tukafika mwisho. Ng'ombe elfu moja wamezagaa katikati ya Los Angeles, wanaingia mpaka kwenye maduka na kinyozi (baba mzazi wa Keaton yumo hapo kwa kinyozi), kijana kavaa nguo nyekundu za shetani ili wamfuate. Mwenye ranchi amefurahi ng'ombe wake wamefikishwa, anamwambia omba chochote nilicho nacho. Binti wa huyo mwenye ranchi amesimama pale nyuma. Kijana ananyoosha kidole gumba nyuma, kibao kinataka kutokea, na muvi IKAKATIKA. Skrini nyeusi, halafu tangazo la mkopo wa simu.

Babu akasema haya, kaoa, akaenda kulala.

HAKUOA. Anapita pembeni ya binti anamleta ng'ombe! Kibao kinasema namtaka yeye, na kwa Kiswahili utani unaingia wenyewe kwa sababu kwetu ng'ombe ni yeye, anakuja, anakula, anampenda, huhitaji kuongeza chumvi. Ndiyo sehemu niliyokuwa naisubiri kumsomea tangu tuanze.

Nikawaandikia kastoma kea, na skrinshoti juu. Jibu hili hapa neno kwa neno: "Bosi hiyo muvi ni bubu, maandishi ya nini?" Hivyo tu. Mtu anauza muvi za kimya hajui kwamba vile vibao ndio mdomo wake. Na hela yenyewe wanachukua kwa kitu ambacho Marekani kiliingia mali ya umma tangu 2021, mtu yeyote anaruhusiwa kukiweka, kwa hiyo kazi yao ilikuwa moja tu, kukiweka KIZIMA.

Apu nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi. Muvi ningeipa nne, mwanzo unajikokota sana, na kwa kuchekesha tu Keaton ana nyingine kali zaidi. Lakini juzi nimepata kopi nzima kwingine, ya bure, spidi sahihi, piano peke yake, nikamwekea babu zile dakika za mwisho. Kijana akaenda akarudi na ng'ombe. Wakampandisha kwenye gari, kiti cha nyuma, wakaondoka naye. Babu akanitazama akasema sasa hapo ndiyo, nirudishie pale pa jiwe. Nne nimefuta, ni tano, na hela yangu bado naidai.