Vifaa vitatu vya kuzuia sumu nyumbani: vinafaa nyumba zetu za Goma?

Jambo zenu, mama, baba, dada na kaka mnaotufuata kutoka Ndosho, Majengo, Katindo, na nyinyi ndugu wa Bukavu pia. Leo mezani nina vitu vitatu vinavyouzwa kama kinga ya sumu nyumbani: vibanio vya kabati, chupa yenye kifuniko cha kubonyeza, na hii kengele nyeupe ya gesi ya makala, yaani mkaa. Nimevinunua mwenyewe Birere, hakuna mfanyabiashara aliyenipa bure, kwa hiyo nitasema ninavyoviona.

Vibanio kwanza, maana havitatuchelewesha. Ni kindoana cha plastiki, unakibandika kwa gundi ndani ya mlango wa kabati. Sasa niulize: kabati lenyewe liko wapi? Kwa wengi wetu javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, inakaa chini ya meza, sumu ya panya nyuma ya gunia la makala, vidonge kwenye mfuko ulioning'inizwa msumarini. Na mwenye kabati la mbao zisizopigwa randa, gundi hiyo itabanduka tu. Hapana. Pesa hiyo iongezee kidogo ununue sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, na kadenasi, yaani kufuli, moja imara. Humo ndani weka javeli, sumu ya panya, na ile soda kali ya kupikia sabuni, ambayo mtoto akiionja tu inamuunguza koo mpaka ndani. Vidonge vitafutie mahali pengine, juu, penye kufungwa pia. Wamama wajawazito, hata vile vya madini ya chuma mnavyopewa kliniki! Vingi vina rangi nzuri na ganda tamu, mtoto anavimeza kama pipi, na kwake ni sumu kali.

Haya, chupa. Sikilizeni... trak-trak-trak. Nazungusha, haifunguki. Mpaka ubonyeze chini kwanza, halafu uzungushe. Wazo hili lilienezwa na daktari wa watoto wa Windsor huko Kanada, Henri Breault, mwaka 1967, kwa kuchoka kupokea watoto waliomeza dawa za wazazi wao. Marekani nayo ikatunga sheria mwaka 1970 ya kufunga dawa na bidhaa hatari kwa namna hii.

Lakini muuzaji aliniambia, "Mtoto hawezi kuifungua kabisa." Si kweli, mama. Kipimo cha kimataifa kinataka hivi: watoto wa miaka mitatu na nusu hadi minne hivi wapewe chupa dakika 10, na angalau asilimia 80 washindwe. Maana yake kifuniko kinaweza kufaulu mtihani hata kama mtoto mmoja kati ya watano amekifungua. Kwa hiyo kinakupa muda wa kumkuta mtoto bado anahangaika. Ukiiacha chupa sakafuni uende sokoni, muda huo haukusaidii kitu.

Hata hivyo hii nainunua, na sababu ni mafuta ya taa. Tunapimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, yanaonekana kama maji, na mtoto ana kiu. Hatari yake kubwa iko kwenye mapafu: tone likipitia njia ya hewa, linachoma. Ndiyo maana ukimtapisha unampitishia mara ya pili. Usimtapishe, usimnyweshe mawese wala maziwa, najua bibi zetu watanikasirikia. Mkimbize kituo cha afya, na chupa uende nayo waone ni nini amekunywa. Kasoro ya chupa hii: mchanga wetu wa volkano ukiingia kwenye kifuniko, meno yanakwama nusu, unadhani umefunga kumbe bado. Kioshe, kikauke, usikilize tena ule mlio.

Na sasa kengele, ambayo ndiyo iliyonifanya niwashe kamera leo. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wa mvua kuna baridi, na mtu anaingiza mbabula, jiko la makala, chumbani. Watu hunijibu, "Nyumba ya mbao inapitisha hewa." Ilipitisha, kabla hujaziba kila ufa kwa karatasi na turubai! Makala yakishika vizuri hayatoi moshi, lakini yanatoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, unalala na kichwa kinauma, huamki.

Kengele hii inatumia betri, heri, maana umeme wetu mnaujua. Geuza nyuma utafute maandishi EN 50291, yaani kipimo cha Ulaya cha kengele za gesi hii, na tarehe ya mwisho, kwa sababu kihisio huchakaa. Kile kitufe cha majaribio kinapima betri na sauti, hakithibitishi kwamba inanusa gesi. Tena msidhani imekufa ikinyamaza: gesi ikiwa sehemu 50 kwa milioni, inatakiwa kulia kati ya dakika 60 na 90, ikifika 300, ndani ya dakika 3. Ikilia, toeni watu nje kwanza, mbabula baadaye.

Sasa nyinyi wa magharibi mwa mji, kuelekea Sake, nisikilizeni vizuri. Kengele hii HAIJUI mazuku. Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini, gesi nyingine kabisa, nzito kuliko hewa, inajikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima anaweza kusimama bila kudhurika, mtoto au mbuzi akaanguka. Muuzaji akikuambia kengele yake inazuia vyote viwili, mwachie kengele yake. Ukiona ndege au panya wamekufa shimoni, usishuke kuangalia, na watoto wasichezee hapo.

Kwa hiyo ningeanza na sanduku na kadenasi. Chupa ifuate kwa anayetumia mafuta ya taa, kengele kwa anayelala karibu na jiko. Vibanio nitampelekea shangazi yangu, yeye ana kabati la kweli.