Programu gani ya fonti itakufaa kuchanganya herufi? (kutoka kwa mtu wa kadi, Nakuru)

Kama unadizaini kadi za harusi ama vijitabu vya mazishi hapa Nakuru hii unaijua: mteja anataka Wambũi iandikwe kwa fonti ya madoido, fonti yenyewe haina ũ, kompyuta inaazima kwa Arial na hiyo herufi moja inakaa kama mtu amekuja harusi na gambuti.

Dawa ni kutoa ũ na ĩ kwa fonti nyingine uzipachike. Mimi ningepanga hivi.

Ya kwanza FontForge, na hata hainunuliwi, ni bure, iwe uko na Windows, Mac ama Linux. Sura yake ni ya kizamani na vidirisha vyake vitakukasirisha wiki ya kwanza, lakini kazi inafanya. Unafungua fonti mbili, unakopi ũ huku, unapesti kule kwa nafasi ya U+0169, hiyo ndiyo namba ya ũ kwa kompyuta (ĩ ni U+0129). Kabla upesti angalia Em Size (kipimo ambacho herufi za fonti zimechorwa nacho) kwa Font Info, juu fonti moja inaweza kuwa 1000 na ingine 2048, mimi sikuangalia na ũ yangu ikatoka kubwa kuliko W. Kuna pia Merge Fonts, inajaza zile hazipo tu, lakini inabeba zote hadi zile huna haja nazo. Na kama fonti yako iko na ñ ama ã, usiazime kitu, tumia Build Accented, inaunganisha u na ule mkia wa juu ulio kwa fonti yenyewe, na mkia utatoka unene sawa na herufi zenyewe.

Ya pili FontCreator, inaingia Windows, ya kulipia lakini unaijaribu kwanza bure. Kama FontForge imekushinda, enda hapa.

Uko na Mac? Glyphs Mini inatosha, Glyphs kubwa ni ya wenye kazi nyingi. FontLab naiweka mwisho si kwa ubaya, ni kali sana, ila bei yake kwa herufi mbili tu, hapana.

Leseni nayo usiruke. Fonti za SIL Open Font License (leseni huria ya fonti) zinaruhusu kubadilishwa na kuchanganywa, bora utakayotoa ibaki na leseni hiyo hiyo. Za kulipia nyingi zinakataza.

Na ubadilishe jina la fonti kabla ya Generate (pale FontForge inakutolea faili ya fonti mpya), la sivyo kompyuta itaendelea kufungua ile ya zamani na utadhani kazi yote imepotea.