Msajili wa vikoa aliyenicheka kwenye simu: uzoefu wangu

Sikuwa na mpango wa kuandika, ila leo hawa walionisajilia kikoa, yaani jina la tovuti, wamenitumia ujumbe eti niwape nyota. Haya.

Mimi nawawekea watu tovuti ndogondogo: duka la vitenge Kariakoo, gesti moja Kigamboni, vitu vya namna hiyo. Nikataka seva za majina, yaani kompyuta zinazoelekeza jina la tovuti liko kwenye mashine ipi, zibebe jina langu, yaani ns1 na ns2 chini ya kikoa changu cha .com, mteja akichungulia asikute jina la mtu mwingine. Seva zote mbili zinawaka, IP zake, yaani namba za anwani zake mtandaoni, ninazo, lango la 53 la kupokea maswali ya majina liko wazi. Nikaingia kwenye paneli yao ya kusimamia kikoa, nikaandika majina, nikabonyeza kuhifadhi. Ikagoma: seva haijulikani.

Haiwezi kujulikana, maana haijasajiliwa kwa Verisign, wanaoendesha rejista ya .com, daftari kuu la majina yote ya .com. Seva ikiwa ndani ya kikoa kilekile inachokihudumia, IP yake lazima iandikwe kule juu, na anayeipeleka ni msajili wako. Bila hivyo ni kama kumwelekeza mgeni ashuke Manzese aulize kwa Mama Fulani, na akiuliza Mama Fulani anakaa wapi, anaambiwa kamuulize mwenyewe. Paneli yao haina pa kuweka hiyo IP. Nimefungua kila kona.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea hakusubiri hata nimalize: "Kaka, subiri saa 48, mabadiliko yanasambaa."

Yanasambaa yapi, wakati hata kuhifadhi kumekataa? Na saa 48 sizibishii. Rejista ya .com inaruhusu taarifa za seva za kikoa zikae kwenye kumbukumbu za watoa intaneti sekunde 172800, ambazo ndizo saa 48. Lakini kinachosambaa ni kile kilichokwisha kuandikwa! Nilikuwa nimeiuliza a.gtld-servers.net, mojawapo ya seva za rejista hiyo, moja kwa moja, na majibu yake yalikuwa majina yaleyale ya zamani. Nikamweleza hivyo, taratibu kabisa.

Akacheka. Si kicheko cha aibu, kile cha kumgeukia mwenzake wa pembeni. "Kaka yangu, wewe ni mteja bwana, haya waachie mafundi." Kisha akaniwekea muziki mpaka salio likakata.

Paneli kukosa menyu wala si kesi. Wapo wasajili wengine hawaiweki, unaandika tiketi ya kuomba msaada wanakufanyia. Kilichoniwasha ni kicheko. Ada nalipa, kwa wakati, halafu nachekwa kwa vocha yangu mwenyewe? Tiketi nazo nikaandika. Zikafungwa, zimeandikwa "imetatuliwa". Nani kaitatua?

Sasa niseme na la haki. Usiku mmoja nikajaribu tena, akapokea kijana mwingine. Akauliza mambo mawili tu: majina ya seva, na IP ya kila moja. Akayarudia kwa sauti kuhakikisha. Tukiwa bado kwenye simu akaniambia, "Bro, jaribu kuhifadhi sasa." Ikakubali! Muda si mrefu nikaiuliza tena ile gtld, na hizo hapo, ns1 na ns2 zangu, IP chini yake. Nilipiga kelele hadi mtoto akaamka. Yule kijana angekuwa ndiye kampuni ningempa tano na chenji asirudishe.

Kwa hiyo tatu. Au niseme... hapana, kazi yenyewe kumbe ni ya dakika chache, na wamenizungusha muda wote ule, wateja wangu wakiniuliza kulikoni. Mbili. Na hizo mbili zote ni za kijana wa usiku, dada wa mchana asiguse hata moja.

Ubaya ni kwamba juzi nimehamisha seva ya pili, IP yake imebadilika, na wa kuirekebisha kule juu ni haohao. Simu sijapiga bado. Nangoja giza liingie.