Fimbo ya gofu ya kukuokoa: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Kabla hujatoa hela yoyote, mwaga fimbo zako zote chini uziangalie usoni. Ile ambayo mikwaruzo yake imejikusanya pale katikati, kadoa kadogo tu, hiyo ndo unayoiweza. Yangu ni haibridi namba 4, fimbo chotara kati ya ayani (ya chuma, kichwa chembamba) na wudi (kichwa kinene). Draiva yangu, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ina alama kila mahali mpaka juu ya kichwa, utadhani ilipigwa mawe.

Kwa hiyo namba moja naweka haibridi, namba 4 au 5, kwa mchezaji wa kawaida ambaye hana muda wa kufanya mazoezi kila siku. Uzito wake umewekwa chini na nyuma, mpira unapanda hata kama hujaupata vizuri, halafu lile tumbo lake pana linateleza kwenye majani marefu badala ya kunasa. Mimi nilibeba ayani namba 3 miaka miwili, nyembamba kama kisu, niliinunua kwa sababu inang'aa basi, na kila nikikosea kidogo ganzi inapanda mpaka kwenye kiwiko. Siku moja mpira umezama nusu kwenye rafu, yaani majani marefu, mbele maji, mwenzangu akanipa haibridi yake akasema jaribu hii ila usitumie nguvu, nikapiga, mpira ukatoka kivivuvivu hivi ukavuka maji, na aisee wiki hiyohiyo nikatafuta yangu. Kasoro yake ni kwamba kwa wengi wa mkono wa kulia inapenda kuvuta kushoto, kama mipira yako tayari inapinda huko chukua wudi namba 7 yenye lofti (mlalo wa uso wa fimbo) ya digrii 21 hivi.

Namba mbili ni ayani 7. Hapa watu wanadanganyika na namba iliyoandikwa. Zamani ayani 7 ilikuwa na digrii kama 34 au 35, siku hizi ziko za 30 na hata 28, na digrii zikipungua mpira unaenda mbali zaidi, yaani unauziwa ayani 6 au 5 ya zamani imeandikwa 7, halafu unaenda kujisifu umeongeza umbali. Uliza lofti, namba achana nayo. Na chukua yenye mgongo uliochongwa ndani, zile bapa waachie wenye mkono.

Tatu, wedji, zile fimbo fupi za kuinua mpira ukiwa karibu. Ya mchanga wengi wanayo (mchezaji Gene Sarazen alishinda nayo mashindano ya The Open mwaka 1932, tangu hapo nani anaingia bonka, lile shimo la mchanga, bila hiyo), tatizo ni pengo. Kama wedji yako ya pichingi ni digrii 44 na ya mchanga ni 56, hapo katikati huna kitu, unabaki kupiga nusu nusu kwa kubahatisha. Nunua ya 50.

Puta, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, siipangi kwenye foleni hii. Uwanja wa pa 72 (mipigo inayotarajiwa kwa mashimo yote) umehesabiwa pati 36, yaani mipigo ya puta, nusu nzima ya mchezo, kwa hiyo kama unayo inayokaa vizuri machoni usiibadilishe kwa sababu ya wikiendi moja mbaya.

Draiva mwisho kabisa. Najua mtanirushia mawe. Lakini kichwa hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460 na nyingi zimeshafika hapohapo, ya miaka mitano nyuma inakutosha, na begi lenyewe ni fimbo 14 tu.

Ukienda kujaribu usiende umepumzika vizuri, nenda umechoka kidogo, ndivyo utakavyokuwa shimo la 16. Piga mipira kumi. Muuzaji atakuonyesha ule uliokwenda mbali kuliko yote, wewe mwambie akuonyeshe mitatu mibovu imeangukia wapi, na kama bado iko feawei (njia ya majani mafupi), hiyo fimbo lipia.