Bajaj Boxer Iliyotumika: Tathmini Baada ya Matengenezo
Pikipiki ya Bajaj Boxer yenye injini ya cc 100, niliyoinunua Jinja, Uganda, kutoka kwa mwendesha bodaboda, inastahili sifa kwa sababu imeundwa kwa namna ambayo fundi wa kawaida anaweza kuifungua na kuielewa sehemu baada ya sehemu. Ilinifikia ikizimika kila nilipoachia mafuta, na chanzo kilikuwa kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, iliyoziba kwa uchafu. Iliposafishwa, plagi ikabadilishwa na oili mpya ikatiwa, injini ilitulia kabisa. Mnyororo ulikuwa umelegea na meno ya sproketi, yaani magurudumu yenye meno yanayoshika mnyororo, yamechongoka, hivyo nilivibadilisha vyote kwa pamoja, kwa kuwa mnyororo mpya ukifungwa juu ya meno yaliyochakaa huliwa upesi. Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kukagua kwanza, kabla hata ya kutazama rangi. Spea zinapatikana kwa urahisi, hasa katika soko la Kisekka jijini Kampala, ingawa ni lazima kutofautisha halisi na bandia. Kwa barabara za vumbi za Busoga, eneo ambalo Jinja imo, kichujio cha hewa kisafishwe mara kwa mara. Kiti tu, ambacho mwenye awali alikishonesha upya, ni kigumu mno kwa safari ndefu, nami nitakibadilisha.